Kasuku wa Marehemu Haendi Geita

Mwanangu Milembe,

Marahaba. Najua shikamoo unayo, hata kama leo umenipita barazani umejifunika kanga mpaka puani kama hunijui. Mimi mjomba wako sina haja ya kuisikia salamu kwa masikio ndipo niipokee. Nimeipokea. Sasa kaa usome, tena usome mpaka chini, na usizicheke herufi zangu. Wewe umefundishwa na walimu wenye subira. Mimi nilifundishwa na Mjerumani, tena kidogo tu, lakini kidogo hicho mwalimu mwenyewe alikiogopa. Alipoona nilivyoandika jina langu aliwaita wenzake waje watazame. Vita vikaingia, shule ikafungwa, wao wakakimbia. Vinginevyo leo ningekuwa karani mkubwa wa boma, na barua hii ungeipata kwa mashine ya chapa.

Sikuandikii habari za kupika, wala za kumtunza mume, wala namna ya kukunja nguo ndani ya sanduku. Hayo mke wangu, Mama Hamisi, amekuambia tangu juzi bila kumeza mate, na nusu yake si kweli. Mimi nina jambo moja tu. Jambo lenyewe lina mkia mwekundu. Leo mchana nimelikuta ndani ya tundu lake, tundu limeviringishwa shuka, limeshindiliwa kati ya godoro na masufuria, linangoja treni ya kesho.

Nikamuuliza mumeo, "Hiki nini?"

Akasema, "Mjomba, ni yule kasuku. Tunakwenda naye Geita. Milembe hawezi kumwacha."

Hawezi. Mtu anaweza kumwacha mjomba aliyemlea, anaweza kuiacha nyumba, anaweza kulivuka ziwa kwenda kuishi kati ya wachimbaji wanaooga siku ya Ijumaa tu, lakini ndege hawezi kumwacha. Na mumeo, badala ya kuona haya, akacheka akaniambia kwamba kule machimboni ndege anayesema ni bahati, eti wachimbaji wakimsikia wanajua mwamba wenye dhahabu hauko mbali. Milembe, nimetembea na wapumbavu wa kila namna. Wakati wa vita nilibeba gurudumu la mzinga peke yangu toka Tabora mpaka mahali ambapo ramani yenyewe iliishia, na mbele yangu na nyuma yangu walikuwa wapumbavu watupu. Lakini hata wale hawakudhani kasuku ananusa dhahabu. Angekuwa anainusa, baba yako aliyemleta angekufa tajiri.

Usidhani sijui kwa nini unamtaka. Unamtaka kwa sababu anasema kwa sauti ya mama yako.

Mimi ni kaka yake Kabula. Nimeijua sauti hiyo kabla yako. Ukipita banda la mbuzi jioni ndege anaita, "Milembe, we Milembe, njoo ule," na ni yeye kabisa, hata ule mkwaruzo wa mwisho. Nilipomsikia mara ya kwanza baada ya mazishi niliitika, "Naam, dada." Mimi huyu, niliyemkazia macho simba kwenye mto Manonga mpaka simba akapiga chafya akaenda zake. Kwa hiyo sikucheki kwa hilo. Nakucheka kwa lingine. Akishakuita, huwa anafanya nini? Anakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukatakata, halafu anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima. Hiyo nayo ni sauti ya mama yako. Ile ya kukuita unaisikia, hii unajitia uziwi.

Nitakuambia ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo, na walichokusimulia wanawake wa hapa ni takataka.

Baba yako alikuja naye kwa treni kutoka Ujiji, akasema ametoka naye ng'ambo, misitu ya Kongo. Baba yako alikuwa mtu wa mdomo na kofia nzuri. Akamkabidhi mama yako ndege, akarudi Ujiji kutafuta bidhaa, na bidhaa hizo anazitafuta mpaka leo huko ahera. Mama yako akabaki na ndege. Sikatai kwamba alikuwa ndege hodari. Alijua kuamkia watu asubuhi, "Mwangaluka," kama mzee wa Kisukuma, na kila mbuzi wa hapa alimwita kwa jina lake. Siku moja alipiga filimbi ya mlinzi wa treni, treni ikaondoka, na mlinzi mwenyewe kabaki stesheni ameshika kikombe cha chai. Watu wa Shinyanga watakuambia haikutokea. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Lakini hodari au si hodari, ndege ni mnyama wa nje, na mama yako alimlaza ndani. Alilala kitandani, upande wa miguu. Alikula kinywani mwake. Kabula alitafuna karanga, akatoa ulimi, ndege akachukua, na sisi tulikaa tukacheka tukasema tazama mapenzi. Mavi ya ndege mama yako alingoja yakauke ndipo ayafagie, maana makavu hayanuki, na chumba kilijaa vumbi mpaka mwali wa jua ukaonekana kama moshi. Na kasuku huyu ana unga, Milembe. Mpanguse mgongo, mkono unatoka mweupe kama umeshika unga wa udaga. Blanketi jeusi la mama yako lilikuwa la kijivu. Sisi tulidhani limechakaa.

Akaanza kukohoa. Akapata homa, kichwa kikamgonga, kifua kikambana, akikaa anahema, akilala anahema zaidi. Ilipofika mavuno akaenda Didia kwa shangazi yetu kusaidia kuchimba karanga. Tulisema atafia kondeni. Huko Didia akapona. Alichimba, akabeba, akaimba, akarudi mashavu yamejaa. Hakupitisha muda mrefu hapa nyumbani, akaanza kukohoa tena.

Sasa ona akili za watu. Mtu anaumwa nyumbani, anapona Didia, anarudi nyumbani, anaumwa. Hakuna aliyejiuliza nyumba hii ina kitu gani ambacho Didia hakipo. Wote tulijiuliza ni mtu gani anayemroga.

Akaletwa mfumu. Mganga huyo walimsifu kote, na sifa hizo alizianzisha mwenyewe. Akataka kifaranga, akampasua, akainama juu ya matumbo kama msomi juu ya kitabu, akanusa, akageuza kwa kijiti. Nilimwona jasho linamtoka puani na nikajua haoni chochote ila kifaranga aliyepasuliwa. Mwisho akasema, "Anayemloga hatoki mbali. Na humu ndani mna mwenye mdomo atakayemtaja."

Wote tukageuka kumtazama kasuku.

Ndipo ilipofanywa kazi ambayo sijaona mfano wake kwa upumbavu, na mimi nilikuwa fundi wake. Mfumu alisema ndege awe karibu na mgonjwa, amlinde, mchawi akija usiku amwone amtaje. Nilipigilia msumari mimi, juu ya kitanda, nikalitundika tundu. Tukafunga mlango na dirisha mchawi asiingie na upepo. Kabula akazidiwa. Tukasema, mchawi anakaribia, basi na ndege naye akaribie. Tukalishusha tundu kidogo. Akazidiwa zaidi, tukalishusha zaidi. Kila pumzi ilivyomwishia ndivyo tulivyomsogezea, mpaka tundu likawa limekaa kando ya mto, kichwa cha ndege na kichwa cha dada yangu, na kila anapopiga mbawa unga unamwangukia usoni. Tuliufuta kwa kitambaa na kumwomba Mungu.

Na ndege akataja. Asubuhi moja, watu wamejaa chumbani, alisema waziwazi, "Ng'washi."

Bibi Ng'washi alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, macho mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia miaka yote. Ndiye aliyekuwa akimletea mama yako maziwa kila asubuhi. Mfumu akapiga paja, "Mmesikia kwa masikio yenu." Watu wakatoka. Wakavivunja vyungu vyake, wakamtupia kitanda nje, na asingeshika njia ya Mhunze na mbuzi wake mapema wangemfanyia jambo baya zaidi. Hakuna aliyengoja kasuku amalize. Kesho yake alimalizia: "Ng'washi, lete maziwa." Akasema hivyo tena keshokutwa, kwa sauti ya Kabula, kama Kabula alivyokuwa akiita kila siku kupitia ukutani. Maziwa yenyewe hayakuja tena. Mama yako alikufa kabla mwezi haujaandama.

Ukiwasikia wanawake wa kisimani wakisema aliuawa na Bibi Ng'washi, watemee mate miguuni, useme nimekutuma mimi.

Sasa utauliza mimi nilijuaje. Nilijua kwa kifua changu. Baada ya matanga mfumu alisema ndege bado ana majina tumboni, inafaa mtu jasiri alale naye chumbani ayasikilize. Mtu jasiri hapa Shinyanga unamjua ni nani. Nikalala kitanda kile, kando ya tundu lile. Majina sikusikia. Nilichopata ni homa iliyonitingisha mpaka kitanda kikahama toka ukuta huu mpaka ule, kichwa kama kinapasuliwa kwa tindo, na kikohozi. Nilikohoa kutoka kitandani, kasuku akanijibu kutoka tunduni, tukaendelea hivyo. Mama Hamisi alisimama mlangoni akasema, "Mnafanana."

Wakanipeleka hospitali ya serikali kwa machela, nikiwaamrisha wabebaji mwenyewe. Daktari aliniwekea mpira wake mgongoni, akasikiliza, kisha kwa kupitia mkalimani akauliza, "Nyumbani kwako kuna ndege?"

Mimi nimeishi na wakubwa, nazijua njia zao. Mkubwa akikuuliza kama una ndege nyumbani, anataka kuku. Nikamtuma Hamisi akalete jogoo, yule mwekundu, aliyekuwa anaogopwa na mbwa. Daktari alipomwona jogoo juu ya meza yake alisimama.

"Huyu wa nini?"

"Wako, Bwana Mkubwa. Umeuliza."

"Sikuuliza unipe ndege. Nimeuliza unalala na ndege gani."

Nikasema kwa hasira, "Silali na jogoo. Nalala na kasuku."

Akaacha kuandika. Akaniuliza kama kasuku amepata kunyong'onyea, kukaa amevimbisha manyoya, kuharisha, kutokwa na maji puani. Nikasema ndiyo, siku za mwanzo alipofika kutoka Ujiji, lakini akapona. Akasema ndege anaweza kuonekana mzima na bado akaubeba ugonjwa ule, akautoa katika mavi na makamasi yake. Yakikauka yanakuwa vumbi, na mwenye kulivuta ndiye anayeumwa. Akasema Ulaya watu wamezikwa kwa ajili ya kasuku wa ndani. Akasema pia kwamba hata ndege asiye na ugonjwa wowote, unga wake na vumbi lake vikivutwa kila siku, wako watu vifua vyao hukaza, kidogo kidogo, na wakiondoka mahali pale wanapata nafuu. Nikamwuliza, "Kama kwenda Didia?" Mkalimani hakujua nasema nini, hakutafsiri. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha jibiwa. Nililala pale kwenye kitanda cha chuma nikalihesabu kosa letu toka mwanzo mpaka mwisho, na sikumwambia mtu.

Jogoo alirudi nyumbani. Daktari hakumtaka. Huyo ndiye mkubwa pekee niliyepata kumheshimu.

Nilipopata nguvu nilikwenda Mhunze kumtafuta Bibi Ng'washi. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua macho. Nikamweleza yote, ya vumbi na ya daktari, nikamwambia arudi, nyumba yake nitaijenga upya kwa mikono yangu.

Akasema, "Kwa hiyo aliyenifukuza ni ndege."

"Ni watu, mayu, mama yangu. Na mimi nilikuwemo."

"Na maziwa mnakunywa ya nani siku hizi?"

Niliinama nikamwokotea mtama uliomwagika.

"Mwambieni huyo ndege wenu awakamulie," akasema, akaendelea kupepeta. Pumba zilinijaa machoni. Hakurudi, na alifanya vizuri.

Basi, nikamtoa ndege chumbani nikampeleka banda la mbuzi, upepo unapopita. Kwa nini sikumpa paka? Usiniulize. Mama Hamisi husema eti na mimi jioni huenda kule bandani nikasimama nje kama mtu anayengoja kuitwa. Mama Hamisi husema mambo mengi. Kosa langu ni kwamba nilikwambia "usimguse" kama mtoto anavyoambiwa, nisikueleze sababu, maana kukueleza ilikuwa lazima nikutajie na msumari. Na wewe ukafanya kama watoto wafanyavyo. Unadhani sijakuona? Juzi nimekuona kwa macho yangu, umetafuna karanga, umetoa ulimi. Umeinama kama yeye, hata shingo umeipinda upande ule ule. Nikashindwa kupiga kelele. Niliondoka nikaenda kuwatukana watu dukani bila sababu, na wao wanajua kuna siku huwa hivyo.

Sasa fikiri Geita. Nyumba za kambi ni chumba kimoja, bati juu, kidirisha kama mdomo wa chupa, tena watakifunga kwa ajili ya mbu. Mumeo yuko kwenye mashine ya kuponda mawe; nimemsikia asubuhi akisafisha koo, na atarudi kila jioni amepaka vumbi la mwamba kama maiti aliyefufuka. Juu ya hilo utamwongezea vumbi la kasuku. Na wewe mwenyewe hali uliyo nayo umemficha kila mtu isipokuwa mimi, maana nina macho. Kanga unayoifunga juu kiasi kile si kwa baridi. Huyo atakayezaliwa atalala wapi? Atalala kitandani upande wa miguu, pale pale. Atajifunza kusema kwa kusikiliza tundu. Ndege atamwita "Milembe, njoo ule," halafu atamkoholea usoni, na mtoto atadhani ndivyo watu wanavyoongea.

Usiniletee maneno ya kwamba mumeo amekubali. Mumeo angekubali hata fisi, madhali asikusikie unalia.

Kuku fugeni, sikatai, ila nje, kwenye kibanda chao, si chini ya kitanda kama huku kwetu tunavyowaingiza usiku kwa kuogopa wezi. Mwizi akiiba kuku ameiba kuku tu. Ukifagia kibanda, nyunyiza maji kwanza. Na siku yoyote kifua kikibana, wewe au yeye au mtoto, neno la kwanza kumwambia daktari liwe ndege mliokaa nao. Asipouliza, mwambie. Sisi hatukumwambia mtu ila mfumu.

Kesho utakapohesabu mizigo stesheni utakuta tundu halimo. Usimlaumu mpagazi wala mumeo. Nimelitoa mimi, sasa hivi, jua likizama, na nimelipeleka nyuma ya stoo yangu ya ngozi, chini ya upenu ulio wazi pande zote. Pale pananuka ngozi mbichi, hakuna mtu atakayetamani kukaa naye. Nitamlisha kwa kijiko cha mpini mrefu, nitamwaga maji kabla ya kufagia, na uso nitaufunga kilemba. Mkono wangu ni imara, ndege hataumia. Ataishi kuliko sisi wote, ndege hawa hawafi, wanangoja tu.

Siwezi kukukataza kuisikia sauti ya mama yako. Njoo mavuno, njoo na mtoto mgongoni, nitakuwekea kigoda upande unakotoka upepo, mbali kidogo, ukae umsikilize mpaka uchoke. Lakini chumbani kwako haingii. Mmoja ametosha.

Najua utanichukia. Utalia kuanzia hapa mpaka Mwanza, utamwambia mumeo mjomba ni mwizi, utakaa bila kuniandikia. Mimi nimechukiwa na watu wakubwa kuliko wewe na bado nakula vizuri. Kasirika, mwanangu, tena kwa pumzi ndefu. Hasira ya mtu ambaye kifua chake kinapanda na kushuka bila sauti mimi naiweza hata miaka ishirini.

Mjomba wako, wa Shinyanga mjini,
aliyekulea.